Mikia Katika Tope: Filamu ya Msako wa Majangili na Maswali Inayoyaacha

Wazee wa Ugogo hutoa hadithi mbili kueleza asili ya jina Dodoma. Ya kwanza husimulia habari za tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni, akazama katika tope asiweze kujinasua, na watu waliomwona wakasema, "Idodomya," yaani amezama. Hadithi ya pili haina tembo. Husimulia habari za watu walioiba ng'ombe wa jirani zao, wakawachinja na kuwala wote, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipokuja kuwatafuta, wezi wale walikuwa wamekwisha kuichomeka mikia katika tope. Wakawaonyesha wageni wao na kusema: tazameni wenyewe, mali yenu imezama.

Hatuna haja ya kuamua hadithi ipi kati ya hizo ndiyo ya kweli. Linalotuvutia ni kwamba katika hadithi moja amezama tembo, na katika nyingine umezamishwa ukweli. Mambo hayo mawili ndiyo kiini cha makala hii. Tunakusudia kuichunguza filamu moja ya matukio ya kweli ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa katika nchi yetu, na ambayo mkasa wake ulifika mbele ya hakimu hapa hapa Dodoma. Filamu hiyo ni The Ivory Game, yaani Mchezo wa Pembe za Ndovu, iliyoongozwa na Kief Davidson na Richard Ladkani, na kuanza kuonyeshwa duniani na kampuni ya Netflix mwezi wa Novemba 2016.

Ni vema tuseme mapema kwa nini filamu hii inastahili kujadiliwa na walimu na wanafunzi wa fasihi. Vijana wetu wa leo huzipata hadithi nyingi kwa njia ya picha. Masimulizi ya polisi na magenge, hasa yale yanayodai kuwa ni ya kweli mtupu, yamechukua nafasi kubwa katika saa zao za mapumziko. Riwaya husomwa na mtu ajuaye kwamba imetungwa. Filamu ya matukio ya kweli hutazamwa na mtu anayeamini kwamba haikutungwa. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana hata yeye anayepiga picha za kweli huchagua aanzie wapi, amwite nani, amalizie wapi. Uchaguzi huo ni utunzi, na kila utunzi hauna budi kufanyiwa tahakiki.

Kwanza tutoe sifa, kwani zipo. Filamu hii ilitengenezwa wakati wa msiba mkubwa. Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo 109,051. Mwaka 2014 waliosalia walikuwa 43,330. Katika miaka mitano nchi yetu ilipoteza zaidi ya nusu ya tembo wake. Watunzi waliufuata msiba huo kwa ujasiri. Wanatuonyesha kikosi cha wapelelezi wa Tanzania kikiongozwa na Ndugu Elisifa Ngowi, kikimtafuta mfanyabiashara mmoja wa pembe aliyejulikana kwa jina la Shetani. Wanatupeleka Kenya, Uganda, Hong Kong, China na Vietnam, ambako mwandishi wa habari wa Kichina, Hongxiang Huang, anaingia katika maduka ya wauza pembe akiwa na kamera ya siri. Mwishoni tunaziona tani 105 za pembe zikiteketezwa kwa moto Nairobi tarehe 30 Aprili 2016.

Sifa ya pili ni ya wahusika. Kwa miaka mingi filamu za wageni kuhusu wanyama wetu zilimweka Mwafrika katika nafasi ya mpagazi, dereva au jangili. Shujaa alitoka mbali. Hapa anayepanga msako na kufanya uamuzi ni Mtanzania, ofisa wa umma, mwenye subira na hasira ya haki. Hili si jambo dogo, na tungependa wanafunzi walione.

Baada ya kusema hayo, tuitazame fani yake. Kiswahili kina jadi yake ya riwaya ya upelelezi, na jadi hiyo ina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Muhammed Said Abdulla, aliyemleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa ni mtu wa kiko na fikra. Kazi yake ni kuondoa pazia moja baada ya jingine mpaka msomaji aione jamii nzima iliyolizunguka kosa. Njia ya pili ni ya Elvis Musiba, ambaye Willy Gamba wake, aliyetokea katika Kufa na Kupona mwaka 1974, ni mtu wa bastola, safari na mapambano. Msomaji wa Bwana Msa huuliza: jambo hili lilitendekaje? Msomaji wa Willy Gamba huuliza: je, atamkamata? Maswali yote mawili yana utamu wake, lakini hayamfundishi msomaji jambo moja.

Sehemu ya Tanzania katika filamu hii imefuata njia ya Willy Gamba. Magari yanakwenda usiku, simu zinaita, mtoa habari ananong'ona, mtuhumiwa anaponyoka, kikosi kinaanza upya. Mtazamaji hubanwa pumzi. Kisha pingu zinafungwa, naye hushusha pumzi na kuondoka akiwa ameridhika. Kuridhika huko ndiko tunakotaka kukuhoji.

Tuanze na jina. Magazeti yaliandika kwamba mtu huyo aliitwa "Shetani hana huruma". Filamu imelipokea jina hilo kwa furaha, ikalitumia tena na tena, kwa sababu lina mshindo hata katika masikio ya asiyejua Kiswahili. Lakini sisi wenye lugha tunajua neno hili linabeba nini. Shetani hana wazazi, hana kijiji, hana wateja, hana mtu anayemdai wala anayemwogopa kumtaja. Anatoka nje ya ubinadamu, na dawa yake ni kufukuzwa. Zaidi ya hayo, katika mazungumzo yetu ya kila siku Shetani ndiye mbeba lawama wa watu wote. Mkosaji anaposimamishwa mbele ya wazee husema, "Nilipitiwa na Shetani," na hapo huwa amejitua mzigo. Basi tukimwita mtu mmoja Shetani, tunakuwa tumemkuza yeye kupita kiasi, na wakati huo huo tumewapunguzia mzigo wote walioshirikiana naye.

Tuliona matunda ya jina hilo kwa macho yetu. Tuliitazama filamu hii jioni moja pamoja na vijana wa shule wa mtaani kwetu. Pingu zilipofungwa walipiga makofi, nasi tukapiga pamoja nao. Siku chache baadaye, tukipita karibu na uwanja wao wa mpira, tulimsikia kijana mmoja akiitwa na wenzake "Shetani", naye akaitika kwa fahari. Hakuna aliyejiita Ngowi. Hatusemi kwamba kijana yule atakuwa jangili; alikuwa akicheza. Lakini mwalimu wa fasihi anajua kwamba mhusika anayeigwa ndiye aliyechorwa kwa rangi kali zaidi, na hapa rangi kali amepewa mhalifu.

Sasa turudi kwenye mikia. Biashara ya pembe ni mnyororo. Yupo anayefyatua risasi porini, mara nyingi kwa ujira mdogo. Yupo anayempa bunduki na risasi. Yupo dereva anayeficha mzigo chini ya magunia ya mkaa au mahindi. Yupo anayefungua kizuizi cha barabara akatazama pembeni. Yupo mwenye ghala, mwenye kontena, mwandika hati za forodha, mwenye meli, mwenye duka ng'ambo, na mwishowe bwana mmoja au bibi mmoja anayeweka kinyago cha pembe sebuleni ili wageni wamheshimu. Kwa upande wa Asia filamu imejitahidi kuufuata mnyororo huo, na hiyo ndiyo sehemu yake bora. Hata historia imethibitisha kwamba mnyororo waweza kukatwa upande wa mlaji: mwisho wa mwaka 2017 China iliifunga biashara ya pembe iliyokuwa halali nchini mwake. Lakini kwa upande wetu, kati ya pori na bandari, tunaonyeshwa mtu mmoja tu. Kuhusu wengine ni kama tunaambiwa: wamezama.

Tulinganishe na shauri jingine. Mwaka 2015 alikamatwa Dar es Salaam Yang Fenglan, mama wa Kichina ambaye magazeti yalimbandika jina la Malkia wa Pembe za Ndovu. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani pamoja na Watanzania wawili, na kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Malkia naye ni jina la riwaya. Habari zake zenyewe zinashangaza kuliko jina. Alisoma Kiswahili, akaja nchini miaka ya 1970 kuwa mkalimani katika ujenzi wa reli ya TAZARA, baadaye akafungua mkahawa mjini. Mtu wa namna hiyo hatoki kuzimu. Anasalimia watu kwa adabu na anajua majina ya watoto wa jirani. Uhalifu wa kupangwa hauhitaji watu wenye pembe vichwani. Unahitaji watu wanaoaminika. Msanii anayetuonyesha jambo hilo anatufundisha kujilinda. Anayetuonyesha Shetani anatufundisha kuogopa giza, hali wezi wako mezani.

Jambo la pili ambalo filamu imeliacha ni historia ya mahali. Kwa mtazamaji wa mbali, uwanda huu wa kati ni vumbi, miiba na usiku. Ukweli ni kwamba njia ya pembe kupita Ugogo ni ya zamani mno. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikatiza hapa, na wapagazi walirudi na pembe mabegani kuelekea Unguja, ambako zilipakiwa kwenda India, Ulaya na Marekani zikafanywe bangili, vibao vya piano na mipira ya biliadi. Watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara hongo, yaani nguo, shanga na nyaya, ili wapite na kunywa maji ya visima. Hongo ilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana mbele ya watu. Leo neno lile lile lina maana ya rushwa, inayotolewa gizani. Katika safari ya neno hilo moja mwanafunzi anaweza kusoma karne nzima ya biashara, utawala na kuvunjika kwa uaminifu.

Hata fasihi yetu ina ushahidi. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hatumsifu, kwani njia zake zilijaa damu na utumwa. Lakini katika masimulizi yake pembe zina uzito na bei; kuna anayekopesha, anayedaiwa, anayebeba na anayepata faida. Mfanyabiashara wa zamani, akijisimulia mwenyewe bila aibu, ametuonyesha mnyororo kwa uwazi kuliko filamu iliyokuja zaidi ya miaka mia moja baadaye kuulaani.

Jambo la tatu, na kwetu ndilo zito kupita yote, ni sheria. Mtu aliyeitwa Shetani alikamatwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 2015. Machi 2017 mahakama mjini Dodoma ilimhukumu kifungo cha miaka 12. Katika magazeti ya dunia alisemwa kuwa anahusika na vifo vya tembo wafikao 10,000. Mahakamani mambo huwa mengine. Pale karani husoma jina la mtu alilopewa na wazazi wake. Hashtakiwi kwa sifa zake bali kwa nyara zilizotajwa katika hati ya mashtaka, na kila jambo huhitaji shahidi na kielelezo. Na baada ya mahakama ya kwanza zipo mahakama za juu zenye uwezo wa kuithibitisha hukumu, kuipunguza au kuifuta. Kazi hiyo haina mbio za magari. Ni ya makaratasi, ya kuahirishwa, ya kusubiri. Lakini pasipo kazi hiyo pingu ni chuma tu. Filamu inayofunga kitabu pale pingu zinapofungwa humfundisha kijana kwamba kukamatwa ni sawa na kuwa na hatia.

Taifa letu lilikwisha kujifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1983 uliendeshwa msako mkubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu ya mwaka huo iliwapeleka watuhumiwa mbele ya baraza ambako hapakuwa na wakili wala rufaa. Wananchi wengi waliupokea msako kwa shangwe, maana sabuni na sukari zilikuwa zimetoweka madukani. Hata hivyo, mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, na mahali pake ikawekwa sheria ya uhujumu uchumi na makosa ya kupangwa, iliyoyarudisha mashauri hayo mahakamani. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo itumikayo mpaka leo hata katika mashauri ya pembe.

Somo hilo lilirudiwa mwaka 2013. Mwezi wa Oktoba ilianza Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili. Haikuchukua muda malalamiko yakazagaa vijijini, na operesheni ikasimamishwa. Tarehe 20 Desemba 2013, katika Bunge hapa Dodoma, kamati ya wabunge ilisoma taarifa yake: mauaji ya raia, mateso, ubakaji, mifugo iliyouawa au kupotea. Siku hiyo hiyo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Tembo walikuwa wakiuawa kweli, na Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Lakini katika kuwatafuta mashetani waliumizwa watu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake katika operesheni ile hakupata kamera ya kumfuata usiku. Sauti yake imo katika kumbukumbu za Bunge, na ingefaa imo katika sanaa pia, kwa sababu yeye ni sehemu ya mkasa huu kama alivyo mpelelezi.

Yawezekana msomaji akatuuliza: je, mnataka filamu moja ibebe yote hayo? La. Filamu ina saa zake chache na watazamaji wake, na masimulizi yake makuu yamo katika Kiingereza, yakilenga watu ambao wengi wao hawataiona Manyoni maishani mwao. Ilitaka kuishtua dunia ili pembe zisinunuliwe, na kwa hilo ilifanya kazi ya heshima. Lawama yetu haiwaendei wageni peke yao. Inaturudia sisi. Kama tunaona mnyororo haukuonyeshwa wote, nani auonyeshe? Hakimu na kesi zake, dereva na magunia yake, mke wa jangili anayepika bila kuuliza nyama imetoka wapi, askari wa wanyamapori anayelala porini mbali na watoto wake, mkulima wa mtama ambaye shamba lake limepondwa na tembo usiku mmoja: hawa wote ni wahusika wanaosubiri watunzi wa Kiswahili.

Kwa walimu tunatoa pendekezo dogo. Mtakapoijadili filamu ya namna hii darasani, msiwaulize wanafunzi ni nani shujaa na ni nani adui, hayo wanayajua. Waulizeni maswali matatu. Nani amefaidika, naye hakuonyeshwa? Nani amehukumu: kamera au mahakama? Nani ameumia, naye hakupewa nafasi ya kusema? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo atakuwa mtazamaji mwema, na baadaye atakuwa raia asiyedanganyika kwa urahisi.

Wale wenye ng'ombe katika hadithi ya Dodoma walionyeshwa mikia, na hadithi haisemi kwamba kuna aliyeinama kuivuta. Laiti angeinama mmoja tu, mkia ungetoka mkononi mwake mwepesi, bila ng'ombe, naye angegeuka kuwatazama usoni wenyeji wake walioshiba.